Ukuta wa Kusini

Kitendawili! Nimesikia mmeitikia tega, hata wewe uliyeitikia kimoyomoyo. Haya: nina mzee wangu, ndevu zake hazikuota kidevuni, zimeota katikati ya mbavu. Siku ukimnyoa, yeye halii. Wanaolia ni waliomo tumboni mwake.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Ila msinipe Yakutsk, ule mji wetu wa Siberia. Huo alishapewa bibi Ogdo akaukataa, na kukataa kwake ndiko kulikoleta haya yote. Jibu mtalikuta njiani. Bibi Ogdo mwenyewe lilimchukua miaka sita, na usiku na mchana alikuwa amelala ndani yake.

Mchana mmoja wa katikati ya Januari, gari la abiria, lile lenye umbo la mkate, lilikuwa likivuka mto Lena juu ya barafu. Bibi Ogdo alikaa mbele kando ya dereva, pua ameibandika kwenye kioo kama mtoto wa chekechea. Alikuwa na miaka sabini na minne, na mto ule alikwishauvuka mara nyingi kuliko nywele alizobakiza kichwani. Lakini safari hii alikuwa na macho mapya. Wiki tatu alizokaa mjini, daktari alimtoa mtoto wa jicho la kulia, akampumzisha, kisha akamtoa na wa kushoto.

"Dereva, simama kidogo."

"Bibi, nikisimama hapa injini itaganda, na sisi tutaifuata."

"Basi nenda polepole. Ile ya buluu ni nini?"

"Barafu, bibi."

"Barafu naijua, mwanangu, nimeinywa maisha yangu yote. Nauliza ile buluu imetoka wapi."

Dereva akacheka, lakini akapunguza mwendo. Kando ya njia mapande ya barafu yalikuwa yamesukumana hadi yakasimama wima, marefu kama milango, na jua dogo la Januari lilikuwa limeingia ndani yake likashindwa kutoka. Ogdo akabandika pua tena kwenye kioo. Miaka sita dunia yake ilikuwa kama maziwa yaliyomwagwa juu ya kioo. Buluu ile alidhani imekwenda na ujana wake. Kumbe ilikuwa ikija kila mwaka, inamsubiri, halafu inaondoka.

"Na wewe una kovu kidevuni," akamwambia dereva.

"Tangu darasa la pili, bibi. Mwaka wa nne huu unapanda gari langu."

"Mwaka wa nne nakusifia kwa watu kuwa una kidevu kizuri. Utanirudishia sifa zangu."

Jambo moja tu lilimkereketa kooni. Asubuhi ile kule stendi, binti yake Tuyaara, mwanawe wa pekee, alipokuwa akimfunga skafu mpaka puani, Ogdo alimuuliza swali alilokuwa amelimeza kwa miaka sita: "Tuyaara, kwa nini uliacha kuniita nije kukaa kwako?"

Tuyaara akafunga fundo la skafu, akalifungua, akalifunga tena.

"Ukifika, mama, iangalie nyumba kwanza. Kisha nitakupigia."

Gari likapiga honi, mlango ukabamizwa, na swali likabaki stendi limesimama kwenye baridi.

Sasa lazima niwaeleze swali lile lilikuwa na uzito gani. Mume wa Ogdo, Mikhaila, alipofariki, Tuyaara alikuja kijijini Arylaakh kumchukua mama yake. Chumba alishakiandaa kwake Yakutsk, chenye bomba la maji ya moto na choo cha ndani. Ogdo akafungua mlango wa jiko, akasema mbele ya moto: "Siku nitakayoshindwa kuiziba nyumba hii kwa mikono yangu, siku hiyo nitafunga mlango nije kwako bila kuitwa." Na huku, mtu akisema neno mbele ya moto wa nyumbani kwake, neno hilo halirudi mdomoni. Hata walevi wanalijua hilo. Wakitaka kuapa uongo hutoka nje kwanza.

Miaka mitatu Tuyaara aliendelea kupiga simu kila Jumapili: njoo, mama, umezeeka, mama, nani atakukatia kuni. Halafu ghafla akaacha. Simu alipiga, salamu alitoa, lakini neno "njoo" halikutoka tena. Ogdo alijifanya amefurahi. Kumbe kila Jumapili akikata simu hukaa na kujiambia: basi, kanichoka. Amekwisha kunihesabu pamoja na waliokwenda.

Gari lilipopanda kilima cha mwisho, kijiji kikaonekana chote chini, kando ya ziwa lililoganda. Baridi ilikuwa ya digrii hamsini na mbili chini ya sifuri, upepo hakuna. Moshi wa kila nyumba ulisimama wima kama nguzo, mweupe, haukupinda hata kidogo, mpaka juu kabisa ambako zote zilikutana zikawa dari moja. Ungeweza kusema mbingu pale inashikiliwa na majiko ya watu.

Ogdo akahesabu nguzo kutoka upande wa ziwa. Moja, mbili, tatu. Ya nne ilikuwa yake, nayo ilisimama.

"Kumbe amelilisha," akasema taratibu. Maana wiki tatu hizo jiko alimwachia shemeji yake Baibal, mdogo wa marehemu Mikhaila, na tangu ameondoka hakuwa na hakika. Nyumba ikikosa moto siku mbili mwezi huu, viazi vinakuwa mawe, mitungi inapasuka, na kuta zinaota barafu kwa ndani.

Baibal alikuwa langoni, ameegemea koleo la theluji. Mzee wa miaka sabini, nyusi na masharubu yake yameganda kwa pumzi yake mwenyewe, meupe pe.

"Karibu nyumbani, shemeji! Macho yanaonaje?"

Ogdo akamkazia macho kwa muda mrefu. "Haki ya Mungu, Baibal. Umezeeka lini?"

"Nilikuwa nazeeka kidogo kidogo kila siku mbele yako. Mtoto wa jicho alikuwa rafiki yangu, wamemtoa bila kuniuliza."

"Wamrudishe. Na hilo koleo unaliegemea tangu nilipoondoka?"

"Wiki tatu kamili. Jiko lilijilisha lenyewe."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana siku zote, na mtu asiyewajua angedhani wana kesi.

Ndani palikuwa na joto. Ogdo hakuvua hata koti. Akatoa ndani ya begi kipande cha chapati ya maziwa ya mjini, akakipaka siagi, akafungua mlango wa jiko na kukitupa. Hivyo ndivyo tunavyofanya; aliyetoka safari hali kitu kabla moto haujala. Moto ukakipokea, siagi ikalia chwii, na Ogdo akabaki ameinama anautazama. Alikuwa amesahau kuwa moto una kijani ndani, pale chini kwenye makaa.

Kisha akatazama nyumba yake, akataka kucheka akataka kulia. Utando wa buibui pembeni kama nguo iliyoanikwa. Meza aliyokuwa akiifuta kila asubuhi ina duara jeusi la sufuria kubwa kama mwezi. Na paka aliyekuwa juu ya kitanda, ambaye Ogdo alimwita Makaa kwa kuwa alimjia kama kivuli cheusi, alikuwa na mistari ya rangi ya chungwa.

"Huyu nani?"

"Makaa," Baibal akasema.

"Makaa gani? Huyu ni karoti!"

"Sisi sote tulishangaa ulipompa jina lile. Tukasema labda una sababu zako."

Baibal akamimina chai, akaweka maziwa mengi, akamsogezea kiti karibu na jiko. Mambo ya ukarimu kama hayo hayakuwa kawaida yake. Lakini Ogdo alikuwa na desturi, na desturi ile ndiyo iliyowafanya wasichana wa zamani wa kijiji wamwite mwalimu ingawa shule yenyewe aliishia darasa la nne. Mtu akitoka safari wakati wa baridi, kabla hajafungua begi, huizunguka nyumba yake, ukuta kwa ukuta.

"Kunywa chai kwanza, shemeji."

"Naizunguka nyumba."

"Ni hamsini na mbili nje. Macho mapya hayajazoea. Daktari hakukukataza?"

"Daktari alinikataza kuinama na kunyanyua mzigo. Kutembea hakutaja."

"Basi kesho."

Ogdo akaiweka chini kofia aliyokuwa anataka kuivaa. "Baibal. Tangu lini wewe unaogopa nitazame nyumba yangu?"

Baibal akanywa chai iliyokuwa bado inachemka, akaungua, akasema haogopi.

Jamani, nyumba zetu ni magogo yaliyolaliana, na kati ya gogo na gogo pana nafasi. Nafasi hiyo tunaijaza sufi ya kinamasi, yale majani laini marefu yanayoota chini penye majimaji. Ukiyakausha, ukayasindilia kwa kijiti, yanakaa miaka. Lakini ndege huyachomoa kujengea viota, magogo hujikunja, upepo hunyonya. Kwa hiyo kila Septemba, kabla theluji haijaanguka, lazima mwenye nyumba azunguke na kuziba upya. Sasa mmeshamjua yule mzee mwenye ndevu katikati ya mbavu?

Ogdo ndiye aliyekuwa fundi wa kazi hiyo. Nusu ya kijiji ameifundisha yeye, tangu wakiwa wadogo wa kuburuta gunia. Na kama vile mwalimu anavyojua mwandiko wa kila mtoto, yeye alijua mkono wa kila mtu ukutani.

Akavaa viatu vya manyoya, akatoka. Pumzi yake iliganda mbele ya mdomo ikaanguka kwa sauti ndogo, kama mtama unaomwagwa mbali. Akaanza na ukuta wa kaskazini, ule unaopigwa na baridi kuliko zote. Theluji ilikuwa imerundikwa vizuri mpaka dirishani. Juu yake magogo yalionekana, meusi kwa uzee, na kati yake ile mistari ya sufi.

Akasogeza uso karibu. Sufi ilikuwa imeviringwa kwa kushoto.

Ogdo yeye alitumia mkono wa kulia maisha yake yote. Katika kijiji kizima mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu: Okuluun, jirani wa ng'ambo ya uzio, ambaye Ogdo alimfundisha kwa taabu mwaka ambao hata kumbukumbu haziufikii vizuri, akimpigia kelele, "Wewe unaviringa kinyumenyume kama nyoka mlevi!"

Akadhani labda ni sehemu moja tu. Akatembea na ukuta, mkono ameupitisha kwenye gogo. Yote kushoto. Kutoka usawa wa theluji hadi juu.

Pale kona, nyuma ya ngazi, aliona kitu cheupe kimechungulia katika ufa, wenye ukubwa wa kiganja. Akakichomoa. Kilikuwa kikavu. Akakisugua kidogo tu kikawa unga, ukamwagika juu ya theluji.

Akajua ni nini. Kilikuwa chakula cha kulungu, yale majani meupe kama povu yanayoota msituni mahali pakavu. Siku ya mvua huwa laini na yenye kunyumbulika, ukiyashika bila kuyaona utasema ni sufi. Yakikauka husagika yenyewe, na nyumba iliyozibwa kwa hayo ni sawa na kikapu. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukosea. Na ncha za vidole vya Ogdo zilikufa kwa baridi tangu usichana, akikamua ng'ombe. Macho yalipokwenda, hakubaki na cha kumwambia.

Kwa hiyo alikuwa ameziba nyumba yake kwa unga. Septemba ngapi? Alisimama pale anakumbuka jinsi alivyokwenda msituni na fimbo yake na gunia lake, jinsi alivyojivuna kwa Tuyaara kwenye simu: nimemaliza, kuta zote nne, kwa mikono yangu.

Ukuta wa mashariki. Hapa sufi ilikuwa imegongwa kwa mpini wa shoka, na kila hatua gogo lilikuwa na kovu. Huyo alikuwa Baibal, ambaye Ogdo alimwambia miaka hamsini iliyopita usigonge, sindilia, naye hakusikia wala leo hajasikia.

Ukuta wa magharibi. Sufi ilijaa donge, ikalegea, ikajaa tena, na mistari ilipanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Ilifika juu usawa wa kifua cha Ogdo, ikakoma. Juu ya hapo mkono wa mtu mzima ulimalizia. Vidole vilivyosindilia chini vilikuwa vidogo. Watoto wa shule. Mahali pamoja kidole kimeacha tundu kabisa, na ndani ya tundu mtu ameweka shanga moja nyekundu.

Ogdo akaiacha shanga mahali pake. Akarudi ndani, barafu imemganda kwenye kope, akakaa bila kuvua koti. Begi lake lilikuwa bado limefungwa mlangoni.

Ndani alimkuta na Okuluun, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ameleta samaki wabichi walioganda wima kama kuni. Okuluun akamtazama usoni, akamtazama Baibal.

"Amezunguka?"

"Amezunguka," Baibal akasema.

"Nilikwambia uondoe ngazi uzibe ile kona!"

"Na mimi nilikwambia kona ni ya kwako!"

"Nyamazeni," Ogdo akasema, nao wakanyamaza kama wamerudi kuwa watoto wa gunia. "Tangu lini?"

Baibal akavua kofia. "Miaka sita, shemeji. Mwaka ule wa kwanza nilipita asubuhi moja kavu nikaona ukuta wako unamwaga unga. Nikamwita Okuluun. Yeye akasema tukuambie. Mimi nikasema sawa, nenda kamwambie. Akasema nenda wewe. Tukamuuliza mwalimu wa shule, akasema yeye ana watoto wadogo nyumbani wanaomtegemea."

"Kwa hiyo mliniogopa."

"Wewe nani asiyekuogopa?" Okuluun akadakia. "Mimi hadi leo nikiviringa sufi nakusikia mgongoni!"

"Ndiyo maana uliniita kwako kila Septemba. Siku tatu mfululizo, nikuchambulie matunda. Wewe ambaye tangu ndoa yangu hukunipa hata maji ya kunawa."

"Baibal alikuwa ukutani kwake. Na siku ya posta, Baibal akikusindikiza, mimi nilikuwa ukutani kwangu. Watoto walikuja saa ya somo la kazi za mikono. Na matunda yale, Ogdo, nikupe siri, ulichambua majani ukaacha matunda. Usiku nilirudia yote."

Ogdo hakucheka. "Yale yangu mliyoyachomoa ukutani, mliyatupa wapi?"

Baibal akashtuka. "Kutupa? Yako ghalani kwangu. Ni magunia kumi na moja. Nani atatupa kazi ya mikono yako?"

Hapo Ogdo akageuza uso akatazama jiko. Yalikuwa makubwa kwake. Mtu anaweza kutazama barafu ya buluu na moshi uliosimama akashangaa, kwa sababu hivyo viliumbwa kushangaza. Lakini donge la sufi alilosindilia mtu wa kawaida, mvivu, mgomvi, mwenye mgongo unaouma, mwaka baada ya mwaka, asiambiwe hata ahsante, hilo utalishangaaje? Alikuwa akilala humo ndani na kusema nyumba yangu ina joto kwa sababu mimi ni fundi.

Halafu lile la pili likaja, zito zaidi.

"Niliapa," akasema. "Mbele ya huyu." Akanyoosha kidole kwenye jiko. "Siku nitakayoshindwa kuiziba kwa mikono yangu. Siku hiyo ilipita zamani, nami nimekaa hapa mwongo miaka sita."

"Ulikuwa hujui," Okuluun akasema.

"Sasa najua."

"Moto wenyewe umekula kuni zangu wiki tatu," Baibal akasema, "haukulalamika hata mara moja. Na mikono iliyoziba uliifundisha wewe, si ni yako vilevile?"

"Baibal, mikono ya kufundisha si mikono ya kuziba. Usinichezee maneno mbele ya moto." Akalitazama begi. "Gari linarudi mjini keshokutwa. Halina haja ya kufunguliwa hilo."

Baibal akakaa kitako. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee hata bila macho mapya. "Kiapo ulimwapia Tuyaara," akasema polepole. "Mwenye kukudai ni yeye. Ngoja akudai."

"Tuyaara aliacha kuniita zamani. Hanidai, kanisahau." Akainuka, akavuta kofia. "Umebaki ukuta mmoja. Wa kusini ni mkono wa nani?"

Wawili wale wakatazama samaki.

"Huo sisemi," Baibal akasema. "Nimeapa."

"Umeapa mbele ya nini?"

"Mbele ya supu. Lakini ilikuwa supu nzuri."

Akatoka peke yake. Jua lilikuwa limeshuka, jekundu, juu ya ziwa, na ukuta wa kusini ulikuwa umelipokea lote. Chembe za barafu zilielea hewani, ndogo kuliko vumbi, kila moja ikiwaka na kuzimika. Ogdo alilazimika kusimama kwanza macho yatulie. Kisha akausogelea.

Hakuwahi kuona kazi ile. Okuluun hakuifanya, wala Baibal, wala msichana yeyote aliyepita mikononi mwake, kwa kuwa yeye aliwafundisha wote kuviringa, na huyu hakuviringa. Sufi ilikuwa imesukwa. Nyuzi tatu, msuko mwembamba, uliobana, kutoka kona hadi kona, gogo baada ya gogo, kama mtu amekaa na ukuta akausuka kichwa. Kazi ya siku nyingi. Kazi ya mtu asiyejua njia ya mkato, anayetumia ufundi pekee anaoujua.

Aliufuata msuko mmoja kwa macho mpaka ulipoanzia. Ulianza kona ya kushoto, juu, kwa kujikunja mara moja chini yake wenyewe kabla ya kwenda mbele.

Ogdo akavua glavu yake, kwenye baridi ile, akaweka kidole pale.

Hivyo ndivyo alivyoanza kusuka nywele za Tuyaara kila asubuhi kabla ya shule, juu ya sikio la kushoto, anakunja mara moja kwa chini ili zisifumuke mtoto akicheza. Miaka minane alisuka hivyo. Hakumfundisha mtu mwingine duniani. Hata Tuyaara hakumfundisha, alimsuka tu.

Akakumbuka zile Septemba. Tuyaara akija likizo yake ya wiki moja, akitoka asubuhi na ndoo kwenda kuchuma matunda, akirudi jioni na ndoo isiyofika nusu. "Mtoto wa mjini!" Ogdo alikuwa akimkejeli. "Dubu kilema angechuma zaidi yako!" Tuyaara anacheka tu, ananawa mikono, na bado mikono inanuka kinamasi. Ogdo alikuwa anaisikia harufu ile. Miaka sita aliisikia, akasema labda matunda ya siku hizi yana harufu hiyo.

Ndani, simu ikaanza kulia. Ililia dirishani, mahali pekee ndani ya nyumba inaposhika mtandao, na Baibal akagonga kioo kumwita. Ogdo akaivaa glavu, akaingia, akaichukua. Okuluun akajifanya anahesabu samaki.

"Mama? Umefika salama?"

"Nimefika."

"Umeiangalia nyumba?"

"Nimeizunguka yote. Makaa ni paka wa chungwa, Baibal amezeeka, na nyumba yangu sikuiziba mimi." Akavuta pumzi. "Tuyaara, ulikuwa unajua. Kiapo changu kilikuwa kimevunjika, nawe ulikuwa umekishika mkononi. Ungesema neno moja tu ningefunga mlango nikaja, nisingekuwa na la kujibu. Begi langu bado limefungwa hapa mlangoni. Ukinidai leo, nakuja. Lakini kwanza nijibu lile la stendi. Kwa nini uliacha kuniita?"

Upande wa pili birika lilikuwa linachemka jikoni kwa Tuyaara, likapiga filimbi, na mtu hakwenda kulizima.

"Mwaka ule wa kwanza nilikuja kukuchukua," Tuyaara akasema. "Baba mdogo Baibal akanionyesha ukuta unamwaga unga. Nikasema vizuri, basi, kiapo kimekwisha, kesho naondoka na mama. Mama Okuluun akanitilia sufi kiganjani, akasema angalau tuuzibe, nyumba isigande wakati unapanga mizigo. Mimi kuviringa sijui. Nikasuka. Nilikuja kushtuka jua limezama, na nimemaliza magogo mawili, na sijapanga mzigo wowote."

"Bado hujanijibu."

"Niliacha kukuita, mama, kwa sababu nikikuleta mjini, mimi Septemba nitarudi wapi? Fungua begi. Kaa hapo. Ukuta wa kusini ni wangu."